Nshomile Mbele ya Kioo Cheusi

Jana jioni simu iliita, na mpwa wangu wa kidato cha pili akaniuliza kwa adabu zote za binti aliyelelewa Muleba: "Shikamoo mjomba. Mama anauliza, zile skrubu mbili ulizoondoka nazo ni za kompyuta yetu au ni zako?" Kabla sijaitikia marahaba nikasikia kicheko nyuma yake. Hakikuwa cha mtu mmoja. Kulikuwa na foleni dukani, na foleni nzima ilikuwa inanifahamu.

Skrubu ninazo hapa mezani, Bukoba. Nyeusi, ndogo kama punje za ulezi. Ni zao.

Dada yangu ana steshenari Muleba mjini. Anatoa kopi, anachapa, analamineti, na siku hizi zaidi anawajazia watu fomu za mtandaoni, maana fomu za karatasi zimehamia huko karibu zote. Laptopu yake ni mtumba wa Ulaya uliokula chumvi nyingi. Ukiiwasha unaweza kumenya ndizi za watu sita, ukaziinjika, ukarudi ukaikuta bado inazungusha vile vidoa vyake. Nikamwambia kwenye simu kwamba ugonjwa ni diski, dawa ni SSD, na daktari yuko njiani.

Nje ya Kagera watu hututania kwa neno moja tu, nshomile, yaani "nimesoma". Wanadai Mhaya hawezi kukupa hata saa bila kukutajia shule aliyosoma. Ni uzushi, ingawa mimi nilipopanda Kosta Jumamosi ile, diski mpya ikiwa kwenye mfuko wa shati, tulikuwa hatujafika Kemondo na abiria wa pembeni yangu alikwisha kujua gigabaiti ngapi zilizomo. Tulipofika Muhutwe alijifanya amelala. Sasa nifanyeje? Wazee wa upande huu wa ziwa walikuwa wakifua feleji kabla ya wengi kujua feleji ni nini. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu tanuri za Wahaya, jinsi zilivyotiwa hewa iliyokwisha kupashwa moto, na ushahidi wa kazi hiyo unarudi nyuma kati ya miaka 1,500 na 2,000. Ukitoka kwenye damu ya namna hiyo huoni kwa nini kidude cha gramu hamsini kikushinde.

Hapa lazima nieleze kidogo, na mwenye haraka aruke.

Diski ya zamani ni mashine ya kweli. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, ambayo ni 90 kwa sekunde moja, na juu yake unaelea mkono mwembamba kwa umbali ambao unywele wa mtu ukilinganishwa nao ni gogo. IBM walipotoa diski ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1956 ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wake sentimita 61, na mzigo wote ulibeba kama megabaiti 5. Hazitoshi picha mbili za simu yangu. SSD haina kinachozunguka. Inatumia flashi, kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba, Japani, miaka ya 1980: elektroni zinasukumwa ndani ya vizimba vidogo kupita kiasi, zinafungiwa humo, na umeme ukizimwa hazitoki. Kazi nzima ya mashine ni kuuliza kizimba kimoja kimoja, je, humo mna mtu? Mimi jambo hilo linanizuia usingizi. Fomu zote za Muleba, picha za pasipoti, mihtasari ya vikao vya harusi, ni elektroni zilizokaa kimya gerezani.

Lakini aibu yangu haikutoka kwenye diski. Ilitoka kwenye kuamka.

Ukibonyeza kitufe, prosesa inaamka haijui lolote. Haijui kama ina diski, wala kama ina kioo, wala kwamba ni mali ya dada yangu. Ilichozaliwa nacho ni anwani moja tu, ya kuipeleka kwenye chipu ndogo ya mazabodi yenye programu ya kuamshia. Mafundi bado wanaiita bayosi, ingawa mrithi wake, UEFI, alishashika kiti. Programu hiyo inakagua viungo kama mtu aliyeanguka na bodaboda: mkono upo, mguu upo, ramu ipo, kibodi ipo. Ikiridhika inaanza kumtafuta mwenyeji. Kwa Kiingereza kitendo hiki kimepewa jina linalotokana na kamba za buti, kwamba mtu anajiinua kutoka chini kwa kuvuta kamba za buti alizovaa mwenyewe. Ni upuuzi, lakini ndivyo mashine inavyofanya.

Sasa mfikirie mgeni aliyeshushwa na basi usiku kijijini. Nyumba ya mwenyeji wake haijui. Anachojua ni kwamba kuna balozi wa nyumba kumi, na balozi anajua nani anakaa wapi. Zamani balozi wa diski aliishi pale mlangoni kabisa, kwenye sekta ya kwanza yenye baiti 512. Humo maelekezo ya kuamshia yalipewa nafasi ya baiti 446. Zilizobaki ni jedwali la vipande vya diski na alama ya kufungia. Herufi 446! Hazijazi meseji tatu. Mpango huo ulikuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, na kwa miaka mingi mamilioni ya mashine duniani yaliamka kwa kunong'onezewa maneno machache kiasi hicho. UEFI ikamjengea balozi chumba chake: kipande kidogo cha diski, mara nyingi megabaiti 100, kisicho na herufi C wala D, ambacho ukifungua mafaili yako hukioni. Ndani yake hakuna picha wala barua. Kuna anwani ya Windows basi. Ukikiondoa, mgeni atasimama mbele ya nyumba yenye taa, mwenyeji yumo ndani anakula, na bado ataambiwa hapa hakuna mtu.

Haya nayajua leo. Jumamosi nilikuwa najua mengine.

Programu ya kunakili ikanionyesha diski ya zamani ikiwa vipande vinne: C kubwa ya kutosha, na vitatu vidogo visivyo na maana kwangu. Nikasema kwa sauti, watu wa kwenye benchi wasikie, "Hizi ni takataka za kiwandani." Nikaondoa tiki kwenye vitatu. Mpwa wangu alikuwa amesimama begani kwangu akila muwa, na sikumjali. Saa moja na robo baadaye kunakili kukaisha. Nikafungua mfuniko wa chini, nikatoa diski ya zamani, nikapachika mpya, nikafunga, nikamgeukia dada. "Hesabu sekunde."

Kioo kikabaki cheusi, kikatoa mstari mmoja mweupe wa Kiingereza.

Bibi mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki akauliza, "Inasemaje, waitu?"

"Inasema haioni kifaa cha kuwashia, bibi."

"Si ndicho hicho umekitia sasa hivi?"

"Ndicho."

"Basi kitoe, urudishe cha kwanza."

Ulikuwa ushauri bora kuliko wote niliopewa siku ile, na ungenifaa sana kama ningeutii saa hiyohiyo. Badala yake nikaingia kwenye bayosi. Nikageuza hali ya kuamkia kutoka ile mpya kwenda ile ya kizamani. Nikazima ulinzi fulani. Nikabadili namna mazabodi inavyoongea na diski. Nikapangua foleni ya vifaa, na kuna kitu cha tano ambacho hadi leo sikikumbuki. Sikuandika hata kimoja kwenye karatasi, ndani ya duka linalouza karatasi. Nilipochoka nikamtii bibi, nikarudisha diski ya zamani.

Nayo haikuwaka.

Ile ile iliyowaka asubuhi, kwa uvivu wake wote! Kosa, bila shaka, lilikuwa langu: nilikwisha kuiamuru mashine imtafute balozi mlangoni, na balozi wa diski hii alihamia chumbani zamani. Lakini dada yangu hakuambiwa habari za balozi. Alichokiona ni kwamba kaka yake amekuja na diski moja nzima, akakuta nyingine nzima, na sasa zote mbili zimekufa. Hakusema kitu. Wenye dada wakubwa wanajua uzito wa kutosema kitu. Chakula cha mchana kilipoletwa, ndizi kwa maharage bado zinafuka moshi, sahani yangu ilikuwa ya mwisho, nyuma ya mtoto wa jirani.

Kisha umeme ukakatika. Umeme wa mkoa huu tuliununua Uganda kwa miaka mingi, kwa hiyo ukikatika watu wazima bado wana tabia ya kutazama kaskazini. Nami nikatazama kaskazini. Betri ya laptopu ilishakufa tangu Ulaya. Tukakaa.

Ni katika kukaa huko kicheko kilipoanza kunichachia. Kwenye benchi walikuwapo vijana wanne wenye bahasha za kaki, waliopanda bodaboda kutoka Kamachumu na Nshamba kuja kujaza fomu za mkopo wa chuo. Fomu haijui kwamba diski haina balozi. Siku ya mwisho ni siku ya mwisho. Wawili wakaondoka kutafuta duka jingine. Mmoja akasogea, akausoma ule mstari mweupe taratibu, neno kwa neno, akaelewa maneno yote, na hakuelewa kitu. Sawasawa na mimi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo maneno tunayo, yalishatungwa, vijana hawa walikuwa hawajazaliwa. Lakini kompyuta ikifa, inafia kwa Kiingereza. Na hata Kiingereza chenyewe ni cha kukwepa. Mashine iliiona diski. Ilijua ni nzima, ilijua ina vipande vingapi, ilijua ni kipi hakipo. Ingetosha kusema: diski nimeiona, kipande cha kuamshia sijakiona. Aliyeandika mstari ule hakuwa na kiu ya kueleweka, na wanaolipa nauli ya kurudi Nshamba kwa sababu yake hatawajua kamwe. Bayosi inauzwa Muleba kama inavyouzwa London, kwa mtu anayelipa fedha halali. Inaudhi.

Umeme ukarudi saa kumi. Mpwa wangu, ambaye muwa wake ulikwisha na hakuwa na la kufanya, akauliza: "Mjomba, kile kipande cha megabaiti mia kilikuwa na kazi gani?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Nikaufunga.

Kimya kile kilinifundisha zaidi ya chuo. Tukarudisha mipangilio ya bayosi kama ilivyotoka kiwandani. Kuna kitufe kimoja tu cha kufanya hivyo, na kilikuwapo siku nzima chini ya kioo kikinitazama. Diski ya zamani ikaamka, polepole, ikizungusha vidoa vyake, na sijawahi kufurahia uvivu kiasi kile. Tukanakili upya, tiki kwenye vipande vyote vinne, na safari hii kipanya kilishikwa na yule binti. Mie nilipewa kazi ya kushika waya. Usiku tukapachika diski mpya. Sekunde 14, nembo, sauti, meza ya kazi ya dada yangu na picha ya marehemu mama. Vijana wawili waliobaki walijaziwa fomu saa mbili usiku, bure, kwa gharama yangu.

Jumapili nilitengeneza printa, na sasa inatoa kurasa kuanzia ya mwisho. Ruta nayo niliigusa; aliyeirudisha katika hali yake ni jirani.

Malipo yangu yalikuwa kopo la senene, nikaondoka nalo pamoja na zile skrubu, ambazo kwa kweli sikumbuki zilivyoingia mfukoni. Kesho nitampa dereva wa Kosta azipeleke, zimefungwa kwenye karatasi.

Baada ya simu ya jana mpwa akanitumia picha ya tangazo la mlangoni. Dada ameliandika upya kwa kalamu ya wino mzito: kopi, kuchapa, kulamineti, fomu za mtandaoni, bei zake mbele. Mstari wa chini kabisa ni mpya. Unasema: "Matatizo ya kompyuta, subiri mtoto atoke shule."