Sifa za Tope la Kutu

Watu wametungiwa sifa kwa uzuri, kwa ushujaa, hata kwa pilau waliyopika harusini. Tope la kutu halijapata wa kulisifu. Acha nijitolee.

Nasaba yake si haba. Mwaka 1854 Mfaransa Antoine Béchamp alionyesha kwamba nitrobenzini ikikutanishwa na chuma na tindikali, hupatikana anilini. Anilini ikazaa rangi za viwandani, zile zinazowaka kama khanga mpya. Chuma kilichofanya kazi hiyo kikageuka tope jeusi la kutu, likatupwa. Kwa miaka mingi, basi, watengeneza rangi walihangaikia rangi huku wakiimwaga rangi nyingine nje. Katika miaka ya 1920, huko Uerdingen, Ujerumani, mkemia Julius Laux alitia kloridi za metali katika mchanganyiko huo, na tope likatoka na weusi au umanjano wa kuuzika. Lile jeusi ukilichoma, linakuwa jekundu.

Lakini utukufu wake hasa uko kwenye ngozi. Ng'ombe hakui akiwaza mkoba. Anajikwaruza miibani, ananyonywa na kupe, mwenyewe anamchoma chapa ubavuni, na mchunaji anamalizia kwa kisu. Ngozi isiyo na alama ni adimu na ghali. Hizi nyingine hupuliziwa kutu iliyosagwa laini kabisa, iliyochanganywa na maji na kaseini ya maziwa au akriliki ili ishike. Juu yake hupakwa vanishi, kisha hupigwa pasi ya moto. Kupe kwisha habari yake. Muuzaji sasa yuko tayari kuapa kwamba ng'ombe yule alilelewa sebuleni.

Mahasidi watasema halina mvuto. Kweli, usiliombe waridi wala zambarau. Lakini jua halilichujui: kutu ni chuma kilichokwisha kuharibika, jua limharibu nani tena? Rangi ngapi za anilini zimepauka dirishani, nalo limekaa vile vile!

Sisifu kila tope, hata hivyo. Taka za viwandani hubeba pia risasi na sumu nyingine, kwa hiyo lioshwe na kupimwa kabla ya kukaribia mguu wa mtu. Likifaulu hapo, lipewe kiti.

Nawe uliyevaa viatu vya kahawia, usilitukane bati lako lililoshika kutu. Huenda ndugu yake ndiye aliyekupendezesha miguu.