Namna ya Kusifiwa kwa Faili Safi Bila Kutoka Jasho

Daktari wa meno, sogea nikunong'oneze. Kumtuliza mtoto kwa dawa ili umng'oe jino unakuweza. Kinachokuchosha ni makaratasi. Nakujua pia: unapenda kuitwa makini. Nafuu na sifa utazipata zote mbili ukipita njia hizi za mkato.

1. Usiandike, weka alama. Chapisha fomu yenye visanduku: magonjwa, mzio, alikula saa ngapi, mzazi amesaini kibali. Ukurasa mtupu hausemi kitu, lakini kisanduku kitupu kitakukodolea macho mpaka ukijaze.

2. Mizani kwanza. Mama akisema, "Ana kilo kumi na tano hivi," mshukuru, kisha mpime mtoto. Kikomo cha ganzi ya lidokeini ni miligramu 4.4 kwa kilo, basi mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni 66. Kichupa cha mililita 1.8 cha asilimia 2 kina miligramu 36, kwa hiyo viwili vizima vimeshavuka mpaka. Andika kikomo hicho juu ya fomu kabla hujashika sindano. Hesabu za kichwani mtoto akiwa analia hazina mwenyewe.

3. Azima mkono. Wako uko mdomoni mwa mtoto, basi mpe msaidizi kalamu na saa. Mtoto aliyetulizwa kiasi, ambaye bado anaitika akiitwa, huangaliwa muda wote. Mapigo ya moyo, pumzi na oksijeni yake, kwa mwongozo wa Marekani, huandikwa angalau kila dakika 10. Chapa safu za saa mapema. Usijaze jioni kwa kukumbuka: oksijeni itasomeka 98, 98, 98 tangu mwanzo hadi mwisho, na mkaguzi yeyote atakukamata kabla hajavaa miwani.

4. Jifanye una kumbukumbu ya ajabu. Kama umetumia gesi ya kucheka, andika alitulia kwa asilimia ngapi, alipewa oksijeni tupu dakika ngapi mwishoni, na kwamba hutulia akishikwa mkono na bibi yake. Akirudi, yasome kabla hajaingia. Bibi atawasimulia majirani kwamba daktari yule hasahau mtoto.

5. Futa neno "yuko sawa" kwenye msamiati wako. Weka visanduku: ameamka, anakaa bila kushikiliwa, anapumua vizuri, kaondoka na nani, saa ngapi, mzazi amepewa namba ya simu. Ni kazi ya nusu dakika.

6. Tumia kiburi cha wenzako. Kila mwezi chomoa mafaili kumi ya mwenzako, naye achomoe yako. Hesabuni mapengo, yabandikeni ukutani, rudieni mwezi ujao. Hakuna daktari anayekubali kuwa wa mwisho mara mbili.

Mwongozo wa kwanza wa madaktari wa watoto wa Marekani kuhusu dawa za kutuliza watoto ulitoka mwaka 1985, baada ya watoto 3 kufa wakitibiwa meno. Mtoto aliyelewa dawa hawezi kukwambia pumzi inampungukia. Kinachokwambia ni namba iliyoandikwa kwa wakati wake. Sifa chukua wewe, usalama apate yeye. Chapisha fomu leo, kabla ya mgonjwa wa kesho asubuhi.