Gari Linalopepesa Macho

Nyinyi mlio na wake na wakwe mtanielewa upesi. Msio nao someni tu, siku yenu yaja.

Mpira wa ufunguo wa gari letu ulianza kutoboka kabla mwanetu Nuru hajaota meno. Alipoyaota, akaumalizia. Mama yake akatafuta dawa: raba bendi mbili, seloteputi, na njiti ya kiberiti ya kubonyezea, maana palipokuwa na kitufe pamebaki tundu. Njiti yenyewe huichomeka kwenye buibui lake kama pini. Ukitaka kufungua gari, shurti umtafute mwenye njiti.

Na ufunguo ni huo huo mmoja. Gari lilishuka Kilindini kutoka Japani na ufunguo mmoja, kama yashukavyo mengi ya mtumba, pamoja na skrini inayosema Kijapani hadi leo. Kila nikiwasha, bibi mmoja hunisalimu kwa adabu kubwa. Ndiye mwanamke pekee katika familia hii asiyenipinga. Mama Nuru asema huenda ananitukana.

Balaa lenyewe lilianza usiku. Ufunguo hulala chini ya mto wangu, tangu siku Nuru alipoutia kwenye bakuli la mbaazi. Sasa mimi nikigeuka, kichwa chabonyeza tundu, na huko nje gari lapepesa taa, milango yafunguka. Nikigeuka upande wa pili, yajifunga. Jirani yetu Ami Mnara (hakuna kipitacho Mtongwe asikione) akaningoja alfajiri tukitoka kuswali.

"Baba Nuru, gari lako lina mgeni. Saa nane usiku lapepesa macho, na ndani hamna mtu."

Akashauri ubani na visomo. Kufikia saa ya mahamri mtaa mzima ulijua tumefuga jini, na kijana wa maziwa akawa ayaacha kwa jirani.

"Si jini," alisema Mama Nuru. "Ni wewe wagaagaa kama papa kwenye dau. Mwite Injinia."

Injinia ni shemeji yangu. Jina hilo alilipata siku alipoitengeneza friji ya mamake mpaka ikawa kabati. Sisemi kwa mzaha, ni kabati kweli: yawekwa unga na sukari, na ina kufuli. Basi akaja na ganda jipya la ufunguo alilolinunua Kongowea kwa shilingi 500, jeusi, lang'aa, vitufe vyote viwili vipo. Akalipasua la zamani kwa kisu cha jikoni, akahamisha kile kibodi chenye vitufe, betri kama sarafu, na chuma chenye meno. Dakika kumi tu. Akabonyeza, gari likaitika, vigelegele vikapigwa.

Mkwe wangu siku hiyo alikuwepo. Huyu sisi humwita Mzani, kwa ule mzani wa malori wa Mariakani: hupiti kwake bila kupimwa mzigo. Mzani hatupi kitu. Kwake Kisauni makopo matupu ya Blue Band yana daraja na vyeo. Akaliokota lile ganda kuukuu, akalitia mkobani, akaenda zake. Hakuna aliyemjali.

Asubuhi nikatia ufunguo. Stata yazunguka, injini haishiki. Bibi wa Kijapani akanisalimu kama kawaida. Nikazungusha mpaka betri ikachoka.

Akaja fundi wa kwanza, akasema plagi. Nikanunua nne. Wa pili akasema pampu ya mafuta, akaitoa, akaipuliza, akairudisha, akalipwa. Injinia akasema mafuta yana maji. Ami Mnara hakusema kitu, alipita tu akinusa hewa, kama mtu asikiaye harufu ya ubani ambao haujachomwa.

Siku ya tatu akaletwa mzee mmoja wa funguo. Hakufungua boneti. Aliangalia kitaa chekundu kwenye dashibodi, akauliza, "Ganda la zamani liko wapi?"

Kumbe, ndugu yangu, ndani ya ganda hukaa kijiwe cheusi, kadiri ya mbegu ya tikiti. Hakipo kwenye bodi. Kimegandishwa kwenye plastiki yenyewe, na hakina betri wala waya. Ukitia ufunguo, koili iliyozunguka swichi yakitia nguvu, nacho chajibu kwa kutaja namba yake. Kisipojibu, injini yanyimwa ruhusa. Vitufe kazi yao ni milango tu. Ulaya waliyalazimisha magari mapya yawe na ulinzi huo tangu 1998, kwa ajili ya wezi. Siku tatu nzima gari langu lilinihesabu mwizi, na mke wangu akaona lina haki. Kuandikisha kijiwe kipya kwa kompyuta mzee alinitajia bei ambayo siiandiki hapa.

Basi nikavuka. Feri kwa miguu ni bure, shukrani. Matatu hadi Kongowea, tuktuk hadi Bakarani, huko huko Kisauni kwa Mzani. Mlangoni Mzani akaitazama mikono yangu mitupu, nikarudi dukani kununua sukari kilo mbili. Ndipo nikaketishwa, nikasimuliwa walivyokuwa wakivuka kwenda kisiwani kwa lile daraja la kuelea, kabla ya hili la Nyali la 1980, na jinsi wakwe wa zama hizo walivyokuwa hawaji mikono mitupu. Muda wote huo ganda langu laning'inia mbele ya macho yangu, limefungwa kamba kwenye ufunguo wa kufuli ya friji.

Nikaomba nikitoe kijiwe tu.

"Huvunji kitu changu," akasema. "Mlikitupa wenyewe. Na n'shalizoea, lanijaa mkononi. Walitaka? Nipe hilo jipya, tubadilishane."

Nikampigia Mama Nuru simu anitetee.

"Mpe mama," akasema, akakata.

Hivi sasa friji isiyogandisha huko Bakarani ina ufunguo wenye vitufe viwili ving'aavyo, na Mzani huvibonyeza kwanza ndipo afungue kufuli. Mimi nilirudi na langu. Injinia akalipachika, raba bendi mbili, seloteputi. Gari likawaka mara moja. Bibi wa Kijapani akanisalimu, njiti ikarudi kwenye buibui, ufunguo ukarudi chini ya mto.

Saa nane za usiku nikasikia dirisha la jirani likifunguliwa taratibu.

"Baba Nuru! Mgeni wenu amerudi."