Fuata Pumzi, Mjomba

Mpwa wangu kaamua kwamba nina msongo. Mimi nililalamikia kichwa tu, kile kinachoniuma kila kodi ya nyumba ikikaribia. Akatoa simu, akapakua programu ya kutafakari, akanikalisha mkekani. "Fumba macho, mjomba. Fuata pumzi."

Nikafumba. Sauti nyororo ya mwanamke ikaniambia niachilie yote. Nje ikapita bodaboda isiyo na ekzosi, akafuatia muuza samaki na kipaza sauti chake, kisha jogoo wa jirani, asiyejua saa, akawika. Nilipoanza kutulia, sauti ikakatika: muda wa majaribio umekwisha, nilipie kwa mwezi nipate utulivu uliobaki!

S. N. Goenka, Mhindi aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, naye alisumbuliwa na kichwa. Alikuwa mfanyabiashara tajiri, kipandauso kikamtesa hadi akawa anachomwa mofini. Mwaka 1955 akabisha hodi kwa U Ba Khin, mwalimu wa tafakuri ambaye wala hakuwa mtawa wa pangoni. Alikuwa mhasibu mkuu wa serikali, mtu wa mafaili na mihuri. Akamkatalia. Kama shida ni kichwa, mafunzo haya si dawa ya kichwa. Ni ya kusafisha moyo. Ikabidi Goenka abadili nia kwanza ndipo apokelewe.

Mimi ile programu ilinipokea na kichwa changu na kodi yangu. Nia haikuniuliza, iliniuliza namba ya simu.

Tena Goenka alipoanza kufundisha tafakuri hiyo, iitwayo vipasana, India mwaka 1969, ada hakutoza. Mpaka leo mafunzo yake yanaendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuyapitia. Ni siku 10. Kengele inalia saa kumi alfajiri, mnaketi jumla ya saa kumi hivi kwa siku, hakuna kuongea, hakuna simu wala kitabu, na mlo wa maana wa mwisho ni kabla ya adhuhuri. Goti likiwaka moto hulikandi. Unalitazama kwa ndani mpaka ujionee mwenyewe kwamba hata maumivu huja na kupita. Hiyo sasa ni kazi, na jasho lake naliheshimu.

Nikamsimulia mpwa yote hayo, nikitegemea ataona haya.

"Siku kumi bila simu? Mjomba, hiyo si tafakuri, hiyo mahabusu."

Nikamwambia mahabusu watu wanaongea.