Tisa Mpaka Moja: Nani Aliizaa Rokenroli?

Garsen ni njia panda. Basi la kutoka Malindi likifika hapa, ama lishike njia ya Lamu ama lielekee Hola mpaka Garissa, na kabla halijaamua, abiria hushuka kwa chai, mahamri na mbaazi. Juzi makanga mmoja alishuka na simu inaimba Elvis Presley. Fundi wa redio, ambaye kibanda chake kiko mkabala, akamwuliza kama anajua huo muziki ulianzishwa na nani. Ubishi ukaanza hapo, ukala jioni tatu. Mimi nimeupanga, kutoka tisa kushuka mpaka moja. Asiyekubali aje na santuri yake, chai ni juu yangu.

9. Freddie Mercury

Naanza na mtoto wa nyumbani, Wazanzibari wasije wakanidai. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Kuizaa rokenroli hakuizaa, maana alipokuwa akijifunza kutembea, wenyewe walikuwa wameshalowa jasho jukwaani. Lakini mwaka 1979 alitunga “Crazy Little Thing Called Love” kwa kumuenzi Elvis, gita lake la miaka ya hamsini tupu, na mwaka 1980 wimbo ukashika namba moja Marekani. Wamarekani walipikiwa chakula chao wenyewe na mtu wa kisiwa cha karafuu, wakaomba sahani ya pili.

8. Alan Freed

Mtangazaji wa Cleveland. Kuanzia 1951 alikuwa akipiga usiku santuri za Wamarekani Weusi, vijana wa kila rangi wakimsikiliza, na jina la rokenroli likaenea kupitia kwake. Ila kumpa mtoto jina si kumzaa. Trixie Smith alikwisha kuyaimba maneno hayo kwenye santuri mwaka 1922. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na Freed alikuwa mpiga mbiu.

7. Bill Haley

“Rock Around the Clock”, Aprili 1954. Mwaka uliofuata ikafungua filamu ya Blackboard Jungle na dunia nzima ikaisikia. Fundi wa redio anaipenda kufa. Nikamwambia: fundi, huyo alifungua mlango wa mbele, lakini uani watu walikuwa wameshakula na kunawa.

6. Daudi Kabaka

Najua, najua. Kabaka, aliyezaliwa 1939, hakuwapo mwanzoni. Nimemweka kwa sababu orodha ya rokenroli isiyofika Nairobi ni orodha iliyoshukia kituo cha kati. Twisti ilitungwa na Hank Ballard, Chubby Checker akaitangaza mwaka 1960, na ilipotua Kenya ilimkuta Kabaka. Gita la umeme halikuwa geni tena. Fundi Konde, Mgiriama wetu wa Pwani, alikuwa mmoja wa Wakenya wa kwanza kulishika. Kabaka akaichanganya twisti na kwela ya Afrika Kusini na gita la Magharibi ya Kenya, kule ambako chupa ya Fanta ikigongwa inatosha kuwa ngoma. Kisha mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikauchukua “Helule Helule” wake na kuuingiza katika nyimbo ishirini bora za huko. Hao ndio waliopewa mkataba na kampuni ya Decca mwaka 1962, Beatles wakaambiwa warudi nyumbani. Twisti ilikuja kwetu na koti la mtumba, ikarudi London na suti ya kushonwa.

5. Elvis Presley na Big Mama Thornton

Makanga alikuwa akilingoja jina hili tangu namba tisa. “Huyu ni mfalme, mzee! Unamweka wa tano?” Ndiyo, na hiyo ya tano anagawana na mwanamke. Elvis aliingia studio ya Sam Phillips mjini Memphis Julai 1954, ana miaka 19, akarekodi “That's All Right”, wimbo ambao Arthur Crudup alikuwa ameurekodi mwaka 1946. Sauti anayo na kiuno anacho, sibishi. Lakini “Hound Dog” iliyompaisha mwaka 1956 waliitunga vijana wawili, Jerry Leiber na Mike Stoller, kwa ajili ya Big Mama Thornton. Mama huyo aliirekodi 1952, na mwaka 1953 ikakaa wiki saba kileleni mwa chati ya muziki wa Weusi. Isikilizeni. Elvis anaimba juu ya mbwa. Thornton anamfukuza mwanamume, na unasikia komeo likifungwa nyuma yake.

Sisi watu wa Tana tunalijua hili la wimbo kwenda mbali na mwenyewe kubaki mtoni. Wimbo wa Taifa la Kenya ulipotengenezwa mwaka 1963, sauti yake ilichukuliwa kutoka wimbo wa mama wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Nchi nzima husimama wima kwa wimbo uliotungwa ili mtu alale. Mama wa mahamri, Mpokomo mwenyewe, akageuka kutoka kwenye karai: “Na wengi wao hawajui wamelelewa na nani.”

4. Jimmie Rodgers, yaani Chemirocha

Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, Mzungu aliyejifunza bluzi kwa Weusi aliofanya nao kazi, na sauti yake aliipandisha na kuikunja kama mchungaji anayeita ng'ombe. Waorma wa hapa wangemwelewa bila mkalimani. Alifariki 1933, na mwaka 1986 Jumba la Heshima la Rokenroli likamwingiza miongoni mwa waliotangulia. Lakini Wakipsigisi walimpa heshima kabla ya jumba lolote. Santuri zake zilifika kwao, jina likageuka Chemirocha, na Hugh Tracey alipopita Kapkatet mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, aliwakuta wasichana wakimwimba kwa ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti. Mwenyewe wakamwona kuwa nusu mtu, nusu swala. Na kweli, ukiletewa sahani nyeusi isiyo na koo ikaanza kuimba, utasema aliyemo ndani ni nani? Mwaka 1950, makanga! Mfalme wako yuko darasani na kalamu mkononi.

3. “Rocket 88”

Hapa ubishi uligeuka mkutano wa hadhara, kwa sababu wengi husema hii ndiyo santuri ya kwanza ya rokenroli. Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilitoka Clarksdale, Mississippi, kwenda Memphis kwa Sam Phillips. Safarini kikuza sauti cha gita la Willie Kizart kikaharibika. Kuna wasemao kilianguka kutoka juu ya gari, na wasemao kilinyeshewa. Wakashindilia karatasi ndani ili spika ishike, na gita likatoa mkwaruzo ambao masikio hayakuuzoea. Phillips akaupenda, akauacha. Santuri ikatoka na jina la mwimbaji, Jackie Brenston, na Turner akabaki na kinyongo.

Fundi wa redio alisimama. Mto Tana ukifura na barabara ikakatika, Garsen haipati kipuri leo wala kesho, na spika iliyochanika huzibwa kwa kilichopo: gundi, daftari la mtoto, hata kipande cha mfuko wa unga. “Kwa hiyo,” akasema, “miaka yote hii natengeneza rokenroli, nanyi mnanilipa bei ya kubadilisha fyuzi.” Chai yake ya siku hiyo nililipa mimi.

2. Sister Rosetta Tharpe

Ningekuwa peke yangu ningempa namba moja, na bado roho inanivuta. Alizaliwa 1915 Cotton Plant, Arkansas, akakulia katika kanisa la Kipentekoste ambako makofi na matari ndivyo vyombo vya kwanza ambavyo mtoto anavijua. Akashika gita la umeme na kulipiga kwa namna ambayo wanaume walikuja kuiiga kwa miaka ishirini. “Strange Things Happening Every Day”, aliyoirekodi 1944, ni wimbo wa Injili, lakini jaribu kuusikiliza umetulia kitini. Mwaka 1947, mjini Macon, Georgia, alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba, akampandisha jukwaani na kumlipa. Kijana huyo akawa Little Richard. Na Mei 1964 alipiga katika stesheni ya reli isiyotumika tena huko Manchester, mvua imenyesha, yeye kavaa koti zuri na gita begani, Waingereza wamekaa ng'ambo ya reli wakipokea Injili kwa volti. Jumba la Heshima lilimkumbuka mwaka 2018, miaka 45 baada ya kifo chake. Kwa mwanamke huyu, hiyo ni aibu.

1. Ngoma

Si mtu. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi huko Stono, wakiandamana kwa ngoma. Mwaka uliofuata sheria ikawapiga marufuku kuzimiliki. Wakabaki na mikono, mapaja na miguu juu ya mbao. Kutoka hapo zikaja ibada za kuzunguka kwa kishindo, na kutoka ibada hizo yakaja makofi ya kanisa la Rosetta. Mji wa New Orleans ulikuwa na bahati yake: katika uwanja wa Congo Square watumwa waliruhusiwa Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Ng'ambo ya barabara tu kutoka uwanja huo ndipo ilipokuja kuwa studio ya Cosimo Matassa, ambako Fats Domino alirekodi “The Fat Man” Desemba 1949. Mpiga ngoma alikuwa Earl Palmer, na ndiye aliyeigonga mipigo ya pili na ya nne mpaka ikawa ndiyo uti wa mgongo wa muziki wote huu. Septemba 1955 aliketi tena kwenye ngoma katika studio hiyo, na mbele ya maikrofoni alisimama yule kijana wa Macon. Wimbo ulikuwa “Tutti Frutti”.

Makanga alizima simu. Nadhani ni kwa sababu hapa Tana hadithi ya ngoma kuchukuliwa haihitaji kueleweshwa. Wapokomo walikuwa na Ngadji, ngoma kuu ya ufalme, ikifichwa msituni na kusikika mbali ikipigwa. Maofisa wa kikoloni waliichukua, na tangu 1908 ni mali ya British Museum, imewekwa stoo. Mtu wa ukoo wa kifalme alikwenda hadi London akaoneshwa, akarudi mikono mitupu.

Mama wa mahamri alikuwa ameacha karai. “Na huko London,” akauliza, “kuna anayeipiga?”

Hakuna, mama.