Seva Imehama, Diski Haijulikani Iliko

Ofisi moja ya Kibiti iliamua kuigeuza seva yake kuwa mashine pepe, mafuriko ya Rufiji yasije yakaikuta mezani. Uhamisho ukafika asilimia 100, makofi yakapigwa. Kuwasha tu: skrini ya buluu, 0x0000007B. Wakaulaumu umeme, kisha mtandao. Ilibaki kidogo wailaumu mikoko.

Kosa hilo lasema Windows haiioni diski yake. Mara nyingi imekosa draiva ya kidhibiti kipya cha diski. Wakulima wa bondeni waliohamishiwa vijiji vya juu na Operesheni Rufiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, nao waliacha mashamba nyuma. Ila wao walijua yaliko, wakarudi madunguni kulima.

Pandikizeni draiva, waungwana. Na seva ya zamani msiiuze kabla mpya haijawaka. Ah, kumbe imeshauzwa, chuma chakavu, kwa kilo.