Irabu kwa Dola 250

Jeopardy!, kipindi cha mchana cha NBC nchini Marekani, kilianza Machi 1964 kikiongozwa na Art Fleming. Mshiriki alipewa jibu, akatakiwa kutaja swali lake. La chini kabisa lilimpa dola 10, ujira mnono kwa aliyemeza maktaba nzima. Elimu haina mwisho, ila kipindi chake kilizimwa Januari 3, 1975, kwa kuwa kituo kilitaka kuwavutia zaidi wanawake vijana. Jumatatu iliyofuata ikazinduliwa Wheel of Fortune, ya mbunifu yuleyule, Merv Griffin. Humo mshiriki alizungusha gurudumu, akanunua irabu ya fumbo la maneno kwa dola 250, kisha akatumia ushindi wake kununua bidhaa zilizopangwa studioni, hadi sanamu ya mbwa ya kauri.